Gift Ngoepe: miaka minane ligi za chini, mechi 41 juu. Alifika au aliishia njiani?

#1 Kipanga wa Kirumba
Wakuu, habari za jioni.

Najua wanaofuatilia besiboli humu tunahesabika kwa vidole, ila stori hii inamgusa yeyote aliyewahi kusota. Gift Ngoepe ni kijana wa Afrika Kusini, kazaliwa Januari 1990 Polokwane, enzi hizo mji ukiitwa Pietersburg. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa usafi kwenye klabu ya besiboli ya Randburg Mets, pale Johannesburg, na familia ikaishi kwenye kachumba ndani ya jengo la klabu. Ukifungua mlango, uwanja huo hapo.

Oktoba 2008 Pittsburgh Pirates wakamsainisha kwa dola 15,000. Toka hapo ni timu za ligi za chini: State College, West Virginia, Bradenton, Altoona, Indianapolis. Mabasi na hoteli za bei rahisi, mwaka baada ya mwaka. Tarehe 26 Aprili 2017 ndipo akaitwa juu, Mwafrika wa kwanza mzaliwa wa bara hili kucheza MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Zamu yake ya kwanza kushika gongo alikutana na Jon Lester wa Chicago Cubs, waliokuwa wametwaa ubingwa miezi michache tu nyuma. Akaupiga katikati ya uwanja, akafika besi ya kwanza.

Mwaka huo akacheza mechi 28, uliofuata akiwa na Toronto Blue Jays akacheza 13. Jumla 41, mlango ukafungwa. Mimi nasema huyu alifika, na kilichomkwamisha siyo uwezo. Timu hazikuwa na subira naye. Karibuni.

#2 Bwana Hesabu
Mkuu Kipanga, stori nzuri ila tuweke namba mezani. Pirates alipata mapigo 12 katika zamu 54, Toronto pigo 1 katika zamu 18. Hiyo ni 13 kwa 72, wastani wa .181. Wastani wa ligi nzima mwaka 2017 ulikuwa kwenye .255. Subira gani hapo? Ligi hiyo inamhesabu mpigaji kila asubuhi kama mwenye duka anavyohesabu mauzo.

#3 Wuod Nyakach
Hii besiboli si ndiyo ile raunda tulikuwa tunacheza primary na mpira wa soksi? Mtu anarusha, unagonga, unakimbia ukizunguka? Kama ndiyo hiyo mimi nilikuwa moto sana Nyakach, hao Pirates walikosa mtu.

Watanzania nao nawashangaa kuacha Simba na Yanga hata kwa siku moja.

#4 Chiku wa Houston
@Wuod Nyakach 😂 Ni binamu ya raunda, ila hapa mpira mgumu unakuja kwa kilomita 150 kwa saa. Kutoka kwa mrushaji mpaka kwa mpigaji ni mita 18 na ushee. Una takriban sekunde 0.4 kuuona, kuamua, na gongo liwe limeshafika. Mpira wa soksi haukuumi ukikupata.

Nije kwenye hoja. Mimi nakaa Houston mwaka wa kumi na moja, mwanangu anacheza ligi ya watoto. Bwana Hesabu ameleta namba za gongo tu, wakati Ngoepe hakusainishwa kwa sababu ya gongo. Alikuwa shotistopu, yule anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Hapo ndipo mipira mingi ya chini inapopita, kwa sababu wapigaji wengi wanatumia mkono wa kulia. Mpira unakuja unadunda vibaya. Unauokota, unageuka, unautupa besi ya kwanza kabla mkimbiaji hajafika, yote ndani ya sekunde nne. Ngoepe kwenye kazi hiyo alikuwa fundi. Kila mtaalamu aliyemwandika alianza na glavu yake.

#5 Bwana Hesabu
Dada Chiku, sijabisha glavu. Ila hakuna timu inayokupa zamu nne kwa siku ukashike gongo kwa sababu unaokota vizuri. Hiyo ni sawa na beki anayekaba vizuri lakini kila akipewa mpira anawapasia wapinzani.

#6 Mzee wa Ramani
Nisahihishe kidogo bandiko la kwanza. "Mwafrika wa kwanza mzaliwa wa bara hili" inategemea unachora ramani vipi. Mwaka 1913 kulikuwa na Alfredo Cabrera, aliyecheza mechi moja tu St. Louis Cardinals, naye pia shotistopu. Huyo kazaliwa visiwa vya Canary. Visiwa hivyo kiserikali ni vya Hispania, lakini ukiangalia ramani viko pembeni kabisa ya Morocco. Kwa jiografia ni Afrika.

#7 Kipanga wa Kirumba
@Mzee wa Ramani shukrani mzee wangu, hilo sikulijua. Ila mtu wa Canary ukimwita Mwafrika mwenyewe atakubali? Nadhani ndiyo maana wote walimwandika Ngoepe kuwa wa kwanza.

#8 Mzee wa Ramani
Yeye akubali asikubali, bara halihami. 😄 Nimesema tu ili wajukuu wakisoma uzi huu wasidanganywe.

#9 Mama Tumsifu
Wanangu, mimi besiboli siijui hata kidogo, nimeingia humu kwa sababu ya huyo mama. Mbona mmempita haraka?

Mimi nilifanya usafi kwenye shule moja ya bweni miaka kumi na miwili. Mwanangu alilala na mimi kwenye chumba cha stoo, pembeni ya mafagio na madumu ya dawa ya choo. Jioni wanafunzi wakienda prepo naye alikuwa anakaa dirishani kwa nje, anasikiliza. Hakuna aliyemkaribisha ndani, lakini hakuna aliyemfukuza. Leo ni fundi umeme mwenye leseni. Kwa hiyo nikisoma mtoto kalelewa ndani ya klabu ya watu wenye nazo, mama anaosha vikombe vyao, naelewa alikuwa anaangalia nini kila siku. Mtoto wa namna hiyo anajifunza kwa macho kabla mtu hajamfundisha.

Huyo mama alimuona mwanawe akifika huko Marekani?

#10 Chiku wa Houston
@Mama Tumsifu shikamoo mama. Hakumuona. Alifariki 2013, nimonia. Gift alikuwa bado ligi za chini, miaka minne kabla ya kuitwa.

#11 Mama Tumsifu
Marahaba mwanangu. Basi mmenijibu na mengine. Mtu anafiwa na mama akiwa bara jingine, halafu kesho yake anadaiwa apige mpira wa kilomita 150. Hiyo .181 yenu mimi siiulizi tena.

#12 Nyundo ya Temeke
Pole kwa wote, ila tusichanganye mambo. 2013 kafiwa, 2017 kaitwa juu. Kama ni msiba ndio uliomharibia asingepanda baada yake. Mimi naona tatizo ni moja tu, pesa ya usajili. Dola 15,000 ni pesa ya nauli. Vijana wanaochaguliwa raundi ya kwanza kule wanalipwa mamilioni kabla hawajagusa mpira. Timu ikiweka mamilioni kwa mtu inamvumilia mpaka azae matunda, aliyenunuliwa kwa nauli akikosea mara tatu anarudishwa. Mbona ni hivyohivyo hata ajira za huku. Aliyeingia kwa mlango mkubwa anapewa semina, aliyeingia kama kibarua anapewa barua.

#13 Chiku wa Houston
@Nyundo ya Temeke ningekubaliana na wewe kama nisingekuwa Houston. Hapa tuna José Altuve, Mvenezuela, naye kazaliwa 1990 kama Ngoepe, naye anacheza uwanja wa ndani, besi ya pili. Unajua Astros, timu ya hapa, walimsainisha kwa shilingi ngapi 2007? Dola 15,000. Ileile.

Siku ya kwanza ya majaribio walimwambia arudi nyumbani, mfupi mno. Kesho yake akarudi uwanjani. 2011 yuko ligi kuu. 2014 akaongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga, .341. Na mwaka uleule wa 2017 ambao Ngoepe anapigana abaki Pittsburgh, Altuve akawa mchezaji bora wa ligi yake. Bei moja, umri mmoja, eneo moja la uwanja. Kwa hiyo pesa ya usajili peke yake haielezi kitu.

#14 Nyundo ya Temeke
Hapo umenikamata. Lakini Mvenezuela huyo alikua kwenye nchi ambayo besiboli iko kila mtaa kama sisi na chandimu. Utalinganisha na Randburg?

#15 Mdau wa Pembeni
@Chiku hao Astros wa 2017 si ndio wale walikuwa wanaiba ishara za wapinzani kwa kamera na kupiga ndoo ya taka kumtonya mpigaji wao? 👀

#16 Chiku wa Houston
Nilijua utakuja. Ndiyo, timu iliadhibiwa Januari 2020, faini dola milioni 5. Lakini .341 ya Altuve ni ya 2014, hiyo ndoo bado iko dukani. Tusiharibu uzi wa watu.

#17 Omusajja wa Lugazi
Salaam ndugu zangu, mimi niko Uganda, Kiswahili changu mtakisamehe. Nyundo kasema neno la maana pale #14 kabla hajakata tamaa.

Kupiga mpira hakufundishwi kwa mazoezi peke yake, kunataka uone warushaji wengi, kila siku, miaka mingi. Sisi tumeuona ukweli huo. 2011 timu yetu ya watoto ilishinda nafasi ya kwenda mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport, ikanyimwa viza. 2012 watoto wa Lugazi wakaenda, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Mechi moja waliwafunga watoto wa Oregon 3-2. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye redio ya simu natetemeka.

Kurusha na kukimbia watoto wetu hawana tofauti na yeyote. Ila kwenye gongo, mpira ukikunja kona, wanapotea. Kwa nini? Kwa sababu nyumbani hakuna mtoto wa miaka kumi na miwili anayeweza kuwarushia mpira wa namna hiyo. Mtoto wa Dominika au Venezuela akifika miaka kumi na saba ameshaona maelfu. Ngoepe alipofika Marekani alikuwa anaanza kusoma kitabu ambacho wenzake wamefika katikati. Glavu unaweza kuijenga na ukuta na mpira mmoja. Gongo linataka mtu mwingine aliye bora kuliko wewe.

#18 Kipanga wa Kirumba
@Omusajja hili bandiko nimelisoma mara mbili. Ahsante sana. Ila 2009 kwenye World Baseball Classic, mashindano ya timu za taifa, Ngoepe akiwa na miaka 19 tu, Afrika Kusini walipocheza na Meksiko alipiga pigo la kufika besi ya tatu mara mbili mechi moja. Kwa hiyo gongo lilikuwepo.

#19 Bwana Hesabu
Mechi moja, Kipanga. Hata mimi nina siku moja nilishinda draft mbele ya fundi wa mtaa mzima.

#20 Kijana wa Azimio
Jamani hakuna aliyegusa suala la kupiga pande zote mbili? Ngoepe alikuwa anapiga kulia na kushoto, baadaye akaacha kushoto, akabaki na kulia tu. Mimi naona hapo ndipo alipopoteza.

Kwa wasiojua: mrushaji wa mkono wa kulia mpira wake wa kona unamkimbia mpigaji wa kulia, unatoka nje. Ukisimama upande wa kushoto unakujia. Ndiyo maana mwenye pande mbili anathaminiwa. Sasa warushaji wengi wana mkono wa kulia. Ukibaki na upande wa kulia peke yake, umejifungia kwenye mtihani mgumu karibu kila siku. Angalia hata lile pigo lake la kwanza, Jon Lester anatumia mkono wa kushoto!

#21 Chiku wa Houston
@Kijana wa Azimio unachosema kuhusu kona ni sahihi kabisa. Ila umegeuza mkokoteni. Hakuacha upande wa kushoto kwa kupenda. Mtu anaacha kwa sababu upande ule haulipi, na kila saa unayotumia kufundisha upande mbovu unaiibia upande mzima. Na alipoitwa juu tayari alikuwa ameshaacha. Inawezekana kuacha ndiko kulikompandisha.

#22 Kijana wa Azimio
Inawezekana. Lakini 1 kwa 18 Toronto inanipa wasiwasi na maelezo yako.

#23 Babu Kriketi
Nimecheza kriketi Upanga miaka ya themanini kwa hiyo nimewafuata vizuri. Mnaongea kana kwamba .181 ni ajabu isiyowahi kutokea. Pirates haohao miaka ya sabini walikuwa na shotistopu mmoja kutoka Meksiko, Mario Mendoza. Alikuwa anapiga .200, na akadumu miaka. Mpaka leo Wamarekani wakitaka kusema mpigaji kafika chini kabisa wanataja mstari wa Mendoza.

#24 Bwana Hesabu
@Babu Kriketi heshima yako, marekebisho kidogo. Mstari wenyewe ndio .200, lakini Mendoza alimaliza maisha yake ya mpira na .215. Ameonewa na jina lake. Mfano mzuri zaidi kwa hoja yako ni Mark Belanger wa Baltimore. Shotistopu, .228 tu, lakini kacheza misimu 18 na kuchukua tuzo ya glavu ya dhahabu mara 8.

#25 Babu Kriketi
Ahsante mwanangu. Basi ndiyo hapo. Ngoepe angezaliwa miaka arobaini kabla angekaa ligi kuu mpaka nywele ziote mvi. Zamani timu ilikubali shotistopu asipige, kazi yake ni kuzuia. Siku hizi kila mtu lazima aupige mpira nje ya uzio, hata wale vibonge na wembamba. Alikuja na ufundi ambao soko lake lilikuwa limefungwa.

#26 Mama Tumsifu
Babu, miaka arobaini kabla kijana mweusi wa Afrika Kusini asingepewa hata pasipoti ya kwenda kujaribu.

#27 Babu Kriketi
Kweli kabisa mama. Nimekubali.

#28 Wuod Nyakach
Mama Tumsifu kaua huo mjadala kwa laini moja. Mimi nilikuja kucheka nimebaki nasoma. Swali: hawa wa ligi za chini wanalipwa aje? Miaka minane bila kuacha, lazima kulikuwa na kitu kidogo.

#29 Chiku wa Houston
Kidogo kweli. Mpaka 2020 kima cha chini daraja la Single-A, ngazi za chini, kilikuwa dola 290 kwa wiki, Triple-A, ngazi moja chini ya ligi kuu, 502. Na enzi hizo ulikuwa unalipwa msimu ukiwa unaendelea tu, ukiisha unajitafutia. Vijana walikuwa wanalala watano kwenye nyumba ya vyumba viwili, magodoro ya kujaza upepo.

Sasa linganisha: 2017 kima cha chini ligi kuu kilikuwa dola 535,000 kwa msimu. Ukigawa kwa siku ni karibu 2,900. Siku moja juu inazidi mwezi mzima Triple-A. Na ukifikisha siku 43 juu unaanza kuwa na haki ya pensheni. Ndiyo maana wanavumilia. Daraja la mwisho ndilo lenye pesa yote.

#30 Nyundo ya Temeke
Bandiko #29 ndilo lililonigusa kuliko yote. Mimi nimefanya kibarua kiwanda kimoja miaka sita, mkataba wa miezi mitatumitatu. Kila ukikaribia kuajiriwa rasmi wanakuambia pumzika wiki mbili, urudi upya. Unajua mlango upo, umeuona, wenzako wawili wameingia. Hicho ndicho kinachokuzuia kuondoka. Kama usingeuona ungeshaenda kulima.

Kwa hiyo Kipanga, kwenye swali lako nabadilisha kura. Alifika. Siku moja tu inatosha.

#31 Bwana Hesabu
Mimi sijabadilisha. Alifika, sawa. Ila kusema timu hazikuwa na subira siyo haki kwa Pirates. Miaka minane na nusu walimbeba, kwa wastani wa kupiga ambao ungemfukuzisha mwingine mwaka wa tatu. Hiyo kama siyo subira ni nini? Walimsaini hata mdogo wake, Victor.

#32 Omusajja wa Lugazi
Na nafasi yenyewe ilipatikana kwa matatizo ya wachezaji wengine wa Pirates. Jung Ho Kang alikwama Korea bila viza, Starling Marte akafungiwa mechi 80 mwezi uleule wa Aprili. Wasingekwama, pengine tusingelijua jina hili.

#33 Kipanga wa Kirumba
@Omusajja kweli, lakini waliokuwa wakisubiri nafasi hiyo walikuwa wengi na aliyeitwa ni yeye. Kilichonifurahisha ni kwamba siku mbili kabla yake, Pirates haohao walimpandisha Dovydas Neverauskas, mzaliwa wa kwanza wa Lithuania kucheza ligi hiyo. Wiki moja, timu moja, Lithuania na Afrika. Na ni klabu ileile ambayo tarehe 1 Septemba 1971 ilipanga kikosi cha kwanza cha weusi na Walatino watupu, Roberto Clemente akiwemo.

#34 Mdau wa Pembeni
Baada ya Ngoepe amefuata nani?

#35 Chiku wa Houston
Tayler Scott, wa Johannesburg, mrushaji, aliingia na Seattle Mariners Juni 2019. Na Dodgers 2022 waliwasaini vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, wote warushaji. Omusajja utakuwa unawajua.

#36 Omusajja wa Lugazi
Nawajua sana, na umeona? Wote uliowataja ni warushaji. Kurusha unaweza kujifunzia nyumbani. Bado sijamuona wa pili anayeingia kwa glavu na gongo kama Ngoepe. Nilichosema #17 hakijabadilika.

#37 Kijana wa Azimio
Au skauti wanatafuta mikono yenye nguvu tu kwa sababu inapimika kwa mashine, shotistopu hawaangalii kabisa. Hilo nalo liwekwe.

#38 Mama Tumsifu
Mpho maana yake nini? Nimeona ndilo jina la kwanza la Gift.

#39 Mzee wa Ramani
Ni zawadi, mama. Gift ni tafsiri tu. Huku angeitwa Zawadi.

#40 Bi Mdogo Mbagala
Samahani nawatoa nje ya mada kidogo. Wajapani walileta besiboli sekondari za Dar, mdogo wangu kaipenda sana. Kapewa glavu ya msaada lakini yeye anatumia mkono wa kushoto kurusha, na glavu inavaliwa kushoto. Anadaka, anaivua, ndiyo arushe. Anasema anataka kuwa shotistopu. Itawezekana?

#41 Chiku wa Houston
@Bi Mdogo kwanza mtafutie glavu inayovaliwa mkono wa kulia, hiyo aliyonayo itamharibu. Shotistopu mwenye mkono wa kushoto ni shida, kwa sababu kila akiokota lazima azungushe mwili mzima ndiyo atupe besi ya kwanza, na nusu sekunde hiyo mkimbiaji kashafika. Mpeleke besi ya kwanza, pale wa kushoto ana faida. Au arushe. Mwanangu ana glavu ya kulia imembana, nitumie ujumbe inboksi, kuna mtu anakuja Dar Desemba.

#42 Bi Mdogo Mbagala
Dada Chiku Mungu akubariki. Nimekutumia. Anauliza kama besi ya kwanza nayo ni uwanja wa ndani kama huyo Ngoepe.

#43 Chiku wa Houston
Mwambie ndiyo, ni ndani kabisa.